Askari wa Ndovu na Digrii ya Pili



Jumapili iliyopita nilikuwa Kizingo, pale kando ya bahari penye mibuyu, nimenunua mhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Kabla sijatia kipande kinywani, kurabu akashuka, akanyakua kilicho kikubwa, akapanda nacho juu ya mbuyu. Watu wakacheka. Wale mnaokwenda Kizingo jioni pamoja na watoto mwawajua ndege hawa, wala sina haja ya kueleza zaidi.

Tulikuwa watatu ukutani. Mimi, na mzee mmoja aliyekuwa nyapara wa genge la njia upande wa Voi mpaka alipostaafu, ambaye sote twamwita Mzee Nyapara hata leo, na kijana mmoja ambaye marehemu baba yake alipiga nyundo katika genge la mzee huyo. Kijana ni askari wa wanyama katika hifadhi moja ya watu binafsi huko Taita. Ameifanya kazi hiyo miaka tisa. Alianza na cheti, akapata diploma, kisha digrii ya kwanza, akisoma wakati wa likizo na usiku kwa taa ya simu. Sasa chuo kikuu kimoja kimemkubali asome digrii ya pili, miaka miwili, katika sayansi ya kuhifadhi wanyama na miti na viumbe vya kila namna, tena si sayansi ya vitabu vitupu bali ya kutumika kazini. Kwa ajili hiyo alikuja kumwamkia mzee na kumwomba shauri, maana mwajiri wake amemwambia achague: masomo au kazi. Akienda, jina lake litafutwa, na akirudi ataomba upya kama mtu aliyetoka barabarani.

Mzee Nyapara akamtazama yule kurabu juu ya mbuyu, akasema, "Mwanangu, digrii ya pili ya nini? Ya kuhesabu kunguru?"

Tukacheka tena, hata kijana mwenyewe akacheka. Lakini niliporudi nyumbani usiku neno hili lilinikalia moyoni, nami naona yafaa niliandike katika karatasi yetu, kwa kuwa ni jambo la wafanya kazi, ingawa kwa nje laonekana kama jambo la wanyama.

Nianze na huyo kunguru, kwa kuwa ndiye aliyeleta maneno. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivujivu si wa kwetu. Asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakubwa wa wakati huo wakitumaini kwamba watakula takataka za mji. Wakala takataka, wakaona ni tamu, wakaongezeka, wakavuka bahari, na kabla ya uhuru walikuwa wamekwisha kufika Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, hudonoa vifaranga vya watu, na wale ndege wa rangi rangi ambao wazee husimulia kwamba walijaa katika miembe ya mji huu, leo huwaoni. Mwaka 2024 Shirika la Wanyama Pori la Kenya lilitangaza kwamba kunguru milioni moja wataangamizwa kabla ya mwaka kwisha. Nyote mwaweza kwenda Kizingo mkaona kama wamekwisha.

Sasa, kuua kunguru si kazi ya kumwaga sumu tu. Kunguru ana akili kuliko watu wengine. Akimwona mwenzake ameanguka mahali fulani, mahali hapo harudi. Kuna dawa iitwayo Starlicide, ambayo humwua ndege polepole, akafia mtini anapolala, na wakati huo sumu imekwisha vunjika mwilini mwake, hata paka akimla asidhurike. Lakini ni nani ajuaye wanalala miti gani, ni wangapi, wazaa mwezi gani, na chakula kiwekwe siku ngapi bila dawa mpaka wakizoee? Ni mtu aliyewahesabu. Basi Mzee Nyapara alisema kwa mzaha, lakini kazi yenyewe ndiyo hiyo. Akikosekana mtu wa kuhesabu, atakuja mtu na ndoo ya sumu ya panya, naye ataua mbuzi wa jirani kabla ya kurabu.

Haya, tutoke Kizingo twende Tsavo, mahali ambapo sisi watu wa reli tunapajua vizuri.

Reli mpya kutoka Mombasa mpaka Nairobi ilianza kupakia abiria katikati ya mwaka 2017. Imepita katikati ya Tsavo, juu ya tuta refu la udongo, na sambamba nayo iko njia yetu ya zamani ya mita moja. Mwatambua kwamba ndovu hakuulizwa. Yeye alikuwa na njia zake za kwenda majini tangu kabla ya Waingereza, na siku moja akakuta ukuta. Waliojenga waliacha milango mikubwa sita chini ya tuta kwa ajili ya wanyama, mbali na madaraja na makalvati ya maji. Lakini mlango ni jambo moja, na mgeni kuingia ni jambo jingine. Je, ndovu atapita chini ya chuma kinachonguruma?

Hapo ndipo wenye digrii walipohitajiwa. Mwezi wa Machi 2016, wakati ujenzi ungali ukiendelea, ndovu kumi wa Tsavo walifungwa mikanda shingoni, na kila mkanda una chombo kinachopeleka habari mbinguni kwa setilaiti, ya kwamba ndovu fulani saa hii yuko mahali fulani. Kazi hiyo ilifanywa na shirika la Save the Elephants pamoja na Shirika la Wanyama Pori, na mmoja wa wakuu wake alikuwa Dakta Benson Okita-Ouma, Mkenya, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya kulinda faru. Ikaonekana kwamba ndovu hupita kweli, na wengi hupita usiku. Tena hawakushika milango sita tu waliyopewa, bali walitumia na madaraja na makalvati ambayo hayakujengwa kwa ajili yao. Habari kama hiyo ni mali. Anayejenga reli nyingine kesho ajua aache nafasi ya upana gani, na dreva wa treni ajua mahali pa kutoa macho.

Lakini sikilizeni jambo la pili. Siku ile Kizingo nilipoyaeleza haya, Mzee Nyapara hakustaajabu hata kidogo. Akasema, "Wapita usiku kwa sababu mchana mna mbuzi." Akatueleza kwamba wachunga mbuzi, jua likiwa kali, huingiza wanyama wao chini ya madaraja wapate kivuli, nao wenyewe hulala hapo, wakawasha na moto wa kupika chai. Ndovu akisikia moshi na sauti ya watu hageuzi shingo mara mbili. Akaendelea kusema kwamba katika njia ya zamani yeye na genge lake walijua kila mahali ndovu anapovuka, kwa sababu asubuhi walikuta mavi juu ya mataruma na kokoto zimetimuliwa, na kazi ya kuzirudisha ilikuwa yao. Aliyajua hayo kwa nambari za vigingi vya maili, kisha vya kilomita. Hakuna aliyemwuliza.

Hapana, nimekosea. Aliulizwa mara moja. Mwanafunzi mmoja wa chuo fulani alifika na karatasi zake, akakaa na genge siku tatu, akanywa chai yao, akaonyeshwa kila mahali. Mzee alitembea naye kwa miguu katika jua lile mnalolijua. Mwanafunzi akaandika, akashukuru, akaenda zake. Mpaka leo mzee hajui karatasi ile ilisema nini, wala kama ilisema neno. Hakulipwa, wala si malipo anayoyalilia. Ataka kujua tu.

Haya si mageni katika reli yetu. Nyote mmesikia habari za simba wawili wa Tsavo, waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898, wakati daraja la mto Tsavo lilipokuwa likijengwa. Bwana Patterson aliyewapiga risasi aliandika katika kitabu chake kwamba waliokufa ni Wahindi 28, na pamoja nao Waafrika wengi ambao hesabu yao haikuwekwa. Baadaye akasema jumla ni watu 135. Ngozi za simba zikauzwa Marekani, nazo ziko Chicago katika jumba la makumbusho mpaka leo. Na mwaka 2009 wataalamu walichukua vipande vya nywele na mifupa ya simba wale, wakavipima, kwa maana kila chakula huacha alama yake mwilini, wakakadiria kwamba simba wote wawili walikula watu karibu 35. Mimi nilipoambiwa habari hii nilikaa kimya kitambo. Imetupasa kungoja miaka 111, tuje tuuliziwe hesabu yetu katika unywele wa simba, kwa kuwa mwenye daftari hakuona haja ya kuandika Mwafrika. Basi msiniambie kuhesabu ni kazi ya upuuzi.

Kwa hiyo nasema hivi. Elimu hii ya juu ya kuhifadhi viumbe haitafaa kitu ikiwa wenye kuisoma hawakutoka kazini na hawarudi kazini. Askari aliyelala porini miaka tisa akipewa hesabu na sayansi juu ya yale anayoyajua, huyo atafanya kazi ya watu kumi. Ajua ndovu mwenye hasira kwa masikio yake. Ajua mchunga mbuzi ni nani na kwa nini hana pengine pa kwenda. Na yule aliyetoka darasani moja kwa moja, ambaye hajaona kalvati ila kwenye picha, sisemi asisome, lakini ataanza kwa kumwuliza Mzee Nyapara, na pengine asimwulize.

Wazo hili si langu tu. Mwezi wa Septemba 1961, katika mkutano wa Arusha, Mwalimu Nyerere alisema kwamba Tanganyika imeshika jukumu la kuwalinda wanyama wake, lakini kazi hiyo yahitaji watu wenye ujuzi maalum, akayaomba mataifa mengine yasaidie kwa wataalamu na fedha. Mwaka 1963 kikafunguliwa chuo cha Mweka, juu ya Moshi, mgongoni mwa Kilimanjaro, kuwafundisha Waafrika kazi ya kutunza wanyama, na watu wa nchi nyingi wakaenda huko, Wakenya wakiwamo. Sifa ya Mweka ilikuwa hii: mwanafunzi alipelekwa porini, akafundishwa kupima na kuhesabu palepale. Kwa upande wa bahari, Unguja wana Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 1978, ambapo mtu aweza kusoma mpaka digrii ya pili na kupita. Na sisi hapa Mombasa, ng'ambo tu ya Mji wa Kale, Mkomani, tuna taasisi ya utafiti wa bahari na samaki iitwayo KMFRI, iliyoundwa mwaka 1979. Wengi wetu twaiona paa yake tukiwa upande huu, hatujui ndani wafanya nini.

Nitawaambia kitu kimoja walichokifanya, ili msidhani naleta hadithi. Huko Gazi, Kwale, mikoko ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda. Pwani ikabaki tope na visiki. Wataalamu wa taasisi hiyo, na aliyejulikana zaidi ni Dakta James Kairo, walianza kupanda mikoko katika miaka ya 1990, wakapima mwaka baada ya mwaka, mti huu umekua kiasi gani, tope hili limeshika hewa chafu kiasi gani. Kazi hiyo ilikaa kwenye karatasi za wasomi muda mrefu. Kisha mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wakaanza mradi wao, Mikoko Pamoja, wa kulinda hekta 117 na kuuza kipimo cha ile hewa iliyoshikwa na miti, wanunuzi wakiwa watu wa ng'ambo. Fedha zikaleta maji ya bomba na vitabu vya skuli. Mwaka 2017 mradi ule ukapewa Tuzo ya Ikweta na Umoja wa Mataifa. Tazameni basi tofauti. Kwa Mzee Nyapara msomi alikaa siku tatu akapotea. Gazi wasomi walikaa miaka ishirini, wakarudi kila mara, na hesabu yao ikageuka bomba la maji.

Najua kuna ndugu watakaosema: sisi tuna kodi ya nyumba, vijana wetu ni vibarua wa miezi mitatu mitatu, na wewe wataka Chama kigombee mtu mmoja apate digrii ya pili, ili kesho awe bwana mkubwa atupite na gari lake? Neno hilo lina uzito na sitalicheka. Nimewaona waliosoma kwa jasho la wenzao wakasahau hata kuamkia. Lakini fikirini. Mwenye nafasi kubwa atakuwapo tu, tupende tusipende. Kama hatatoka katika askari na magenge, atatoka pengine, naye ndiye atakayeamua ua ujengwe wapi, kalvati lizibwe au lipanuliwe, na askari wangapi wapunguzwe. Mimi nataka ofisini akae mtu ambaye amewahi kulala njaa kambini.

Tena mwajiri asiyempa mtu ruhusa hupoteza mali yake mwenyewe. Miaka tisa amemlipa kijana huyu, akamfundisha bunduki, njia na tabia za wanyama, kisha amwambie toka. Walimu wetu wa misheni walitusomea habari za mtumishi aliyefukia talanta ardhini. Sikumbuki kama walitusomea habari za bwana aliyemfukia mtumishi pamoja na talanta yake.

Kwa hiyo naomba Chama chetu kizungumze na vyama vya wenzetu wa porini, wa misitu na wa uvuvi, ili katika mikataba ya pamoja iwekwe ruhusa ya masomo ambayo kazi ya mtu na miaka yake ya utumishi hulindwa. Kama mshahara kamili ni mzito, basi nusu, na yeye atie sahihi kwamba atarudi kutumika miaka kadha. Hilo ni jambo la haki kwa pande zote mbili. Sheria ya nchi hii imekwisha kumtoza kila mwajiri shilingi 50 kwa kila mfanya kazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo ya viwanda. Fedha hizo hazikuwekwa kwa vyuo vikuu, najua, lakini zaonyesha kwamba kanuni imekwisha kubaliwa: ujuzi wa mfanya kazi haununuliwi na mfanya kazi peke yake. Na vyuo navyo vipange masomo ili mtu asome miezi michache darasani, arudi kazini, na kitabu chake cha mwisho kiwe juu ya shida ya mahali pake pa kazi, si juu ya jambo alilopewa na mwenye fedha wa mbali.

Na liko sharti moja ambalo sitaki lisahauliwe hata kidogo. Kila anayekuja kutuuliza arudi kutueleza, kwa Kiswahili, kwa mdomo au kwa karatasi mbili tatu. Kitabu kizima abaki nacho mwalimu wake. Sisi tupewe tulichowaambia kimekuwa nini. Kama chuo hakimlazimishi mwanafunzi kufanya hivyo, basi magenge na mabaraza ya wavuvi yaweke sharti hilo wenyewe kabla ya kufungua mdomo. Hakuna sheria inayomlazimu mtu kutembea katika jua la Tsavo siku tatu bure.

Kijana yule ana mpaka mwisho wa mwezi huu kujibu chuo. Tumemshauri asiandike barua ya kuacha kazi, bali ya kuomba ruhusa bila mshahara, na nakala yake iletwe kwa katibu wa tawi. Nitaisoma mwenyewe mkutanoni, nanyi mtasema mnavyoona. Tulipoagana pale Kizingo jua lilikuwa limekwisha kuzama na meli moja ya makontena ilikuwa ikiingia Kilindini. Mzee Nyapara alimshika kijana mkono akamwuliza kitabu chake cha mwisho kitakuwa juu ya nini. Kijana akasema, "Ni juu ya ndovu na reli, Mzee, kati ya Maungu na Ndi."

Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akamwambia aje nyumbani Jumamosi na daftari, lakini asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, kwa kuwa vigingi ni vingi na yeye huchoka upesi siku hizi.

Mfanya kazi wa njia,
Mombasa.